Namba Arobaini na Saba

Septemba huja na masanduku.
Magari yanapanda kilima cha Kilvarroch, moja nyuma ya jingine,
akina mama wanashuka na miwani ya jua siku isiyo na jua,
akina baba wanatazama saa.
Mimi niko chini, chumba cha kufulia,
nahesabu soksi.

Kila kitu kiwe na jina: ndiyo sheria ya shule.
Jina kwenye ukosi, jina kwenye taulo,
jina ndani ya kiatu cha raga, mahali ambapo
kidole gumba tu ndicho kitalisoma.
Wengine hubandika kwa pasi. Hayo hubanduka Oktoba.
Ya arobaini na saba yalishonwa na mtu aliyekuwa akilia
au asiyejua kushona. Uzi hausemi.
A. LOCKHART-BAIN. Miaka kumi na mmoja.

Wiki ya pili, kabla ya kengele,
nilimkuta mlangoni amekumbatia shuka lake
kama mtoto mchanga asiye wake.
Hakusema. Sikuuliza.
Funika kombe, mwanaharamu apite:
nikalipokea bichi, nikampa kavu,
akapanda ngazi kwa ncha za vidole.

Kufikia Novemba tulikuwa na sheria zetu wawili.
Lililolowa, chini ya ngazi, nyuma ya ndoo nyekundu.
Kavu, juu ya bomba la mvuke, limfikie na joto.
Shukrani hakuna. Shukrani ina sauti,
na sauti kwenye bweni la wavulana kumi na wanne
hupenya kuliko panya.

Theluji ilifunga barabara. Mabomba yaliguna usiku kucha.
Kisha Januari, nikipita na kapu la jezi,
nikamsikia akimwiga Lok-hei Tsang,
anavyolia kwenye simu na mama yake, saa za huko zikiwa usiku wa manane.
Aliiga vizuri. Hata kwikwi aliipatia.
Adhabu ya kaburi aijuaye maiti,
na maiti huyu alikuwa anachekesha watu.

Usiku ule sikuweka shuka.

Mara moja tu. Alfajiri godoro lake
lilikuwa limefunikwa taulo tatu, zimenyooshwa vyema,
majina yote yakitazama juu.
Nimefua madoa ya damu, ya wino, ya nyasi za miaka ishirini na sita.
Hilo langu halijatoka.

Mwanangu mimi alisoma kule bondeni,
shule ya bure, paa linavuja.
Alirudi kila jioni na matope yake,
nami nilimfokea kwa matope.

Machi, barafu ilipoanza kudondoka mapaani,
nyuma ya ndoo nilikuta mashuka mawili.
La pili lilikuwa namba hamsini na mbili. Tsang.
Nani alimwonyesha mwenzake njia, na kwa maneno gani,
hilo si la mfuaji kujua.
Nikapasha moto mawili.

Aprili moja. Mei hakuna.
Juni mikono ya koti inamwishia karibu na viwiko,
sauti yake inapanda na kuanguka kama ndama kwenye mteremko.
Siku ya zawadi, ndani ya hema jeupe,
nilipita na sinia la vikombe. Baba yake alichukua kimoja
bila kuniona, jinsi watu wanavyochukua vikombe.
Yeye aliniona. Akayashusha macho majanini.
Sawasawa kabisa, mwanangu. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana.

Julai jengo lote linanukia nta na madirisha wazi.
Ameacha blanketi; safari hii labda kwa makusudi.
Septemba arobaini na saba atakuwa mtoto mwingine,
kwa hiyo nimekaa na mkasi mdogo nikifumua,
herufi moja, nyingine, ile mishono ya kilio.
Jina limetoka. Matundu yamebaki,
yamejipanga vilevile.

Ndoo nyekundu sijaisogeza.